Silver Shadow lililolala si lililotunzwa

Matangazo ya kuuza Silver Shadow huko Uingereza yamefanana kama mapacha. Rolls-Royce ya mwaka 1974 au 1978, wamiliki wawili tu tangu itoke kiwandani, maili 31,000, imekaa kwenye gereji kavu miaka kumi na tano, ngozi ya viti haina ufa, "imetunzwa vizuri sana". Chini yake picha kumi na mbili: saba za pua ya gari na kile kinyago chake cha mwanamke, tatu za viti, mbili za dashibodi ya mbao ya mjozi. Ya uvungu wa gari hakuna hata moja.

Kwangu mimi, hiyo miaka kumi na tano ya gereji kavu ni sababu ya kushusha bei. Kati ya gari la maili 31,000 lililolala na la maili 95,000 lenye faili nene la risiti, ningechukua la pili bila kuuliza mara mbili. Sababu ni mafuta ya breki.

Silver Shadow lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Oktoba 1965, likitokea kiwanda cha Crewe, Cheshire. Mhandisi mkuu alikuwa Harry Grylls, na umbo lilichorwa na John Blatchley. Lilikuwa Rolls-Royce la kwanza ambalo bodi na chesisi ni kitu kimoja. Ili liwe laini barabarani bila kubonyea nyuma kila abiria wanapopanda, Crewe walinunua leseni kutoka Citroën ya mfumo wa haidroliki wa shinikizo kubwa. Pampu mbili zinazosukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) zimekaa juu ya injini, kwenye bonde la V kati ya safu mbili za silinda, na husukuma mafuta hadi kama psi 2,500 (paundi kwa inchi ya mraba). Mafuta hayo hayo yanayoinua mkia wa gari ndiyo yanayosimamisha chuma cha zaidi ya tani mbili. Shinikizo likipotea kanyagio unalikanyaga, lakini karibu nguvu yote ya breki imeondoka.

Mafuta yenyewe huitwa RR363. Ni mafuta ya breki ya glaikoli yaliyoongezwa kilainishi, kwa sababu pampu na vali zinategemea mafuta hayo hayo kulainishwa. Ukiweka DOT 4 ya kawaida ya dukani, gari litasimama vizuri tu kwa muda, huku pampu zikilika kimyakimya. Ukiweka yale ya kijani ya madini, LHM, umeua sili zote kuanzia kwenye tangi hadi magurudumuni. Kosa hili hutokea kwa sababu Silver Spirit lililofuata mwaka 1980 linatumia mafuta ya madini, na fundi asiyejua hudhani Rolls-Royce zote ni moja. Kwa hiyo kabla ya kusifia rangi, fungua tangi la mafuta ya breki. Ukiona kijani, funga boneti uage.

Hata RR363 iliyo sahihi ina tabia ya glaikoli: inafyonza unyevu wa hewani. Gari likiwa linatembea na mafuta yakibadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hakuna tabu. Likilala miaka kumi na tano, maji yaliyofyonzwa yanakaa mahali pamoja na kutafuna chuma: vali zinaganda, pistoni za kaliperi, yaani vibano vya breki, zinashika kutu, pampu zinavuja siku ya kwanza ya kuamshwa. Gereji ikiwa kavu namna gani, unyevu huo umo ndani ya mabomba.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika, kisha weka mkono juu ya boneti uhakikishe ni baridi. Washa injini uangalie taa mbili za onyo za breki kwenye dashibodi. Zinapaswa kuzimika upesi. Iache iungurume dakika nne au tano ili akumuleta, yaani yale matufe mawili ya chuma yenye gesi ya naitrojeni ndani, yajae shinikizo. Zima injini. Geuza ufunguo kwenye nafasi ya umeme bila kuwasha, kisha kanyaga breki kikamilifu, achia, kanyaga tena, huku ukihesabu. Ukifika 40 au 50 kabla taa haijawaka, hali ni nzuri sana. Ishirini na kitu, bado inaendesheka. Chini ya kumi, akumuleta hazina gesi au vali zinarudisha mafuta, na zinatakiwa kutolewa na kujazwa upya na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo. Andika hesabu ya kila taa peke yake, maana ni mifumo miwili. Muuzaji atakayekukataza kuhesabu amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo injini ikiwa inaunguruma, fungua mlango mmoja na waketi watu wawili wazito kiti cha nyuma. Mkia utashuka, kisha baada ya muda mfupi utapanda wenyewe. Mlango ukiwa wazi, au gia ikiwa nyutro, mfumo huinua haraka. Gari likiwa mwendoni huinua polepole. Kama haupandi kabisa, huenda kuna aliyechoka na uvujaji akaukata mfumo. Si msiba, lakini si "hali ya kiwandani" kama tangazo linavyodai. Usishangae pua ikikaa tuli: mfumo wa mbele uliondolewa mwaka 1969 kwa kuwa haukuwa na kazi ya maana.

Halafu mipira ya breki, yaani mabomba ya mpira yanayopeleka mafuta magurudumuni. Ni mingi kuliko ya gari la kawaida, kwa sababu kila gurudumu la mbele lina kaliperi mbili. Mpira wa miaka thelathini huonekana mzima kwa nje, lakini ndani umevimba, tundu limekuwa jembamba. Shinikizo likija linapita. Ukiachia kanyagio mafuta hayarudi, na pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski. Endesha maili kumi, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, umeupata mpira mbovu au pistoni iliyoganda. Risiti ya mipira yote kubadilishwa ndiyo karatasi ya kwanza ya kutafuta kwenye faili, kabla hata ya risiti ya rangi.

Kwa injini niseme machache, kwa sababu ni mtambo mgumu kufa: V8 ya alumini, sentimita za ujazo 6,230 mwanzoni na 6,750 kuanzia 1970, yenye laina za chuma (mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Tatizo lake ni hizo laina. Ubavuni mwa bloku, kila upande, kuna vitundu vidogo vya kutolea jasho. Sili za chini za laina zikichoka, maji au oili huonekana hapo. Hakuna gundi ya kuliponya hilo, injini inafunguliwa. Kuna watu huziba vitundu hivyo kwa silikoni kabla ya kuuza, basi beba tochi na kioo kidogo uvikague kimoja kimoja. Uchafu wa rejeta nao hupenda kutuama nyuma ya bloku, kwa hiyo injini hupata joto huko huku geji ya mbele ikionyesha amani. Baada ya kuendesha, iache inaunguruma dakika ishirini huku umesimama, uone mshale unakwenda wapi. Mlio wa tiktik wa tapeti ukipotea ndani ya dakika chache si kitu. Ukibaki hata injini ikiwa moto, fikiria kamshafti.

Giaboksi haina maneno mengi. Kuanzia 1968 hivi walitumia ya gia tatu kutoka General Motors, Turbo-Hydramatic 400, iliyofungwa pia kwenye magari mengi ya Marekani, na spea zake zipo. Kinachosumbua ni mota ya umeme inayobadilisha gia badala ya waya au fimbo. Jaribu kila nafasi mara kadhaa, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka.

Pesa nyingi huliwa na kutu. Milango, boneti na mlango wa buti ni alumini. Sehemu nyingine ni chuma. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inasaidia sana, lakini usiishangilie isiposhika mlangoni, maana haitakiwi kushika. Ipitishe kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya madigadi ya mbele, na vizingiti vilivyo chini ya milango. Mahali ambapo ilipaswa kushika na haikushika, kuna puti. Lala chini uangalie vituo vya jeki na pale springi za nyuma zinapokaa. Kwa kuwa bodi ndiyo chesisi, kizingiti kilichooza ni mfupa, na gharama ya kuchomelea pande zote mbili inaweza kupita bei uliyonunulia gari.

Kuna Silver Shadow nyingi nyeupe. Baadhi zilitoka Crewe zikiwa hivyo, lakini nyingi zilipakwa baadaye zifanye kazi ya harusi. Gari la harusi huishi maisha mabaya: safari ya maili nne, injini haijapata moto, linazimwa, linasubiri saa mbili mlangoni mwa kanisa, linarudi. Ndani linang'aa kwa sababu ndani ndiko kunakopigwa picha. Ukitaka kujua rangi yake halisi, nambari ya chesisi itakusaidia. Inaanza kwa herufi kama SRH: R ni Rolls-Royce (B ingekuwa Bentley T, ndugu yake), H ni usukani wa kulia na X wa kushoto, na L ikitangulia badala ya S ni lile refu. Chama cha Rolls-Royce Enthusiasts' Club, chenye makao Hunt House, Paulerspury, kina kumbukumbu za kiwanda, na mmiliki anaweza kuomba nakala zinazoonyesha gari lilivyoagizwa.

Kumbukumbu nyingine ni bure. Kwa nambari ya usajili unaweza kuona mtandaoni majibu ya MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka huko Uingereza, tangu 2005, pamoja na maili za kila mwaka. Tangu Mei 2018 magari yaliyopita miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa, basi pengo la karibuni si la kutiliwa shaka. Angalia miaka ya kabla ya hapo. Maili zikipanda 40 kwa mwaka, gari lilikuwa likiendeshwa kwenda kukaguliwa na kurudi tu.

Kati ya la kwanza na Shadow II lililoanza 1977, kwa kuendesha ningechagua la pili. Usukani wake wa rak na pinioni una uhakika zaidi, ingawa bampa zake zenye mpira mweusi hazina uzuri wa zile za kromu, na kiyoyozi chake cha ngazi mbili ni shimo la pesa kikiharibika. Anayependa umbo atachukua la kabla ya hapo, na simlaumu.

Ukishalinunua, wiki ya kwanza badilisha RR363 yote, badilisha mipira kama haina risiti, safisha njia za maji na uweke maji mapya ya rejeta yanayofaa alumini. Baada ya hapo liendeshe kila wiki maili zisizopungua ishirini, hadi mafuta, maji na ekzosi vyote vipate moto wa kutosha. Maili zikifika 100,000, ziandike tu kwenye faili pamoja na risiti.