Shilingi Iliyopotea Ndani ya Nyumba

Wakristo wenzangu huku Uingereza wakisikia natoka Zanzibar hunionea huruma. Ulisalije kule, na nyie mko wachache hivyo? Nikiwajibu kwamba mimi nimepotelea huku kwao, wanacheka.

Nimebatizwa Mkunazini, kanisa la Kianglikana alilolijenga Askofu Steere palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Steere mwenyewe kazikwa nyuma ya altare. Watoto mahubiri yakitushinda tulikuwa tukizikodolea macho zile nguzo zilizosimamishwa juu chini, fundi alikosea askofu akiwa safarini. Ndivyo tulivyosimuliwa.

Lakini sikulelewa na kanisa peke yake. Mlango wa pili kulikuwa na bibi wa Kiislamu, mtaa mzima tukimwita Bi Mkubwa. Alfajiri adhana ikimwamsha yeye, nami nimeshaamka. Jumapili akiniona barazani saa mbili kasoro, basi tena: "We mtoto, kengele ishalia, nawe ungali hapa? Mungu wako umemwambia nini leo?" Nilikuwa naondoka mbio, shati sijalifunga vifungo.

Sisemi kote kulikuwa shwari. Februari 2013 padri Mkatoliki alipigwa risasi akafa, Jumapili, akiwasili kusalisha misa. Siku ile tuliogopa. Bi Mkubwa alikuja kukaa na mama yangu hadi magharibi, hakusema mengi.

Huku nilianza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zamu ya Jumapili hulipa zaidi, nikachukua moja. Kisha mbili. Kisha hata Jumapili ya mapumziko nikawa nalala, maana mwili nao una haki yake. Sikugombana na Mungu, wala sikusoma kitabu kikanigeuza. Mwana mpotevu wa Injili ya Luka alidai urithi, akafunga mizigo, alijua anaondoka. Mimi nilikuwa kama ile shilingi ya sura hiyohiyo ya Luka, imeanguka uvunguni mwa nyumba na haina habari kwamba imepotea.

Wala hakuna aliyeuliza. Huku dini ni kama mshahara, kumuuliza mwenzio ni utovu wa adabu. Nakubali, uhuru huo una raha yake. Hakuna anayekuchungulia kapuni. Ila kwetu ukipita siku tatu bila kuulizwa mambo ya Mungu, ujue una ugomvi na mtu. Nilikuwa nikiuita umbea. Sasa naona ndio ufagio wa yule mwanamke wa Luka, aliyefagia nyumba hadi akaiona shilingi yake.

Baada ya miaka sita nikaenda likizo. Jumapili asubuhi nimekaa barazani na kikombe cha chai, Bi Mkubwa akatoka na mkongojo wake. Macho yamefifia, masikio mazima. "Kengele ishalia," akasema. Nikamwambia siku hizi siendi sana. Hakunisuta. Aliuliza tu: "Kwani huko hakuna wa kukuambia?"

Nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, na maungamo nikajikuta nayajua yote kwa moyo.

Nimerudi huku, nimeomba zamu za jioni. Kila Jumapili mjukuu wa Bi Mkubwa hunitumia sauti ya bibi yake kwa simu, neno moja: "Ushakwenda?" Jumapili iliyopita ilinikuta bado kitandani. Sikumjibu. Nilitafuta viatu kwanza.