Jeni ya nyani ndani ya ng'ombe? Mimi naunga mkono

Watafiti walipanga kumtia ng'ombe jeni ya nyani ili astahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Taja jambo hilo mbele za watu uone. Mmoja atauliza kama maziwa yatanuka nyani, mwingine atasema tunamchezea Mungu. Na huenda kwenye friji ya nyumba hiyohiyo kuna kichupa cha insulini ya bibi, iliyotengenezwa na vijidudu vilivyotiwa jeni ya binadamu. Hiyo hakuna anayeilalamikia.

Mbinu ya insulini hiyo na ya ng'ombe huyo ni za ukoo mmoja. Mwaka 1973, huko California, Herbert Boyer na Stanley Cohen walichukua plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA kilichomo ndani ya bakteria, wakakikata kwa kimeng'enya kiitwacho EcoRI. Wakapachika kipande cha DNA kutoka kwingine, wakaziunga ncha kwa kimeng'enya cha pili, wakakirudisha ndani ya bakteria. Bakteria akizaliana, kile kipande kigeni nacho kinanakiliwa. Kwa njia hiyo insulini ya binadamu ilipatikana mwaka 1978, na Marekani ikairuhusu 1982. Kabla ya hapo wagonjwa walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Naam, nguruwe.

Kwa mnyama kazi ni ngumu zaidi. Jeni huingizwa mapema, kwenye yai lililorutubishwa au kwenye seli itakayotumika kumkloni, yaani kumtengeneza kama nakala ya mnyama mwingine, ili mwili wote uwe nayo na watoto wairithi. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu salmoni aliyetiwa jeni ili akue haraka. Huyo hanisisimui, haraka yake ni faida ya mwenye matangi.

Nagana ndiyo inayonigusa. Mbung'o akimuuma ng'ombe humwachia vimelea kwenye damu, ng'ombe anakonda, anatupa mimba, anakufa. Dawa zipo, ila kuna sehemu vimelea vimeshazizoea. Ng'ombe wa aina ya N'dama wa Afrika Magharibi anastahimili, lakini ni mdogo na maziwa yake ni kidogo. Nyani je? Damu yake ina protini inayovipasua vimelea hivyo. Ndiyo maana watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na wenzao wa Uskoti na Marekani, wakapanga kuihamishia jeni ya protini hiyo kwenye ng'ombe wa aina ya Boran. Walianza na dume wa kloni aliyeitwa Tumaini, ambaye mwenyewe hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa jaribio la njia ya kukloni tu.

Jeni moja katika maelfu haimgeuzi ng'ombe kuwa nyani, kama vile bakteria wa insulini hajawa mtu. Usalama upimwe, tena kwa ukali, mnyama kwa mnyama. Kinachonikosesha usingizi ni hati miliki ya uvumbuzi huo. Mfugaji wa Kwale, jirani na mbung'o wa Shimba Hills, akipata dume wa aina hiyo, ataruhusiwa kumpandisha kwa majike ya jirani bila kumlipa mtu? Ndama watakuwa wa nani? Ningependa majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba wa utafiti sasa, wakati dume mwenyewe bado hajauzwa hata mnadani.