Deki Iliyokula Yamini ya Kunyamaza

Kwa miaka 28 nimeishi na mke wangu kwa amani ya wastani, isipokuwa siku za Jumapili. Mama Zuhura anashikilia kwamba usiku wa harusi yetu, hapa Tanga mwaka 1996, nilipewa kipaza sauti mbele ya wageni nikatamka kuwa Jumapili zote za maisha yetu nitapika mimi. Nakumbuka kipaza sauti, nakumbuka hata viatu vya kuazima vilivyonibana vidole, lakini maneno hayo siyakumbuki hata kidogo. Ushahidi wa pekee ulikuwa katika mkanda wa video uliolala kabatini miaka yote hiyo, kwa sababu deki yetu ya zamani, yaani mashine ya kuchezea mikanda ya video, niliyoinunua kabla ya harusi, enzi ambazo Tanzania Bara hakukuwa na kituo cha televisheni na kioo kilikuwa cha kutazamia mikanda tu, ilikufa tukaitoa kwa muuza vyuma chakavu.

Mwaka huu shemeji alikuja likizo kutoka Uingereza akiwa na deki ndani ya sanduku, imefungwa kwa mataulo, akaikabidhi kwa heshima kama anayekabidhi posa. Nilimshukuru kwa dhati, maana deki mpya haipatikani tena. Hata Funai ya Japani, waliokuwa wa mwisho kuzitengeneza, waliacha Julai 2016. Nikaichomeka katika TV yetu ya kichogo kwa waya wa antena, nikatafuta chaneli, na picha ikatokea safi. Nilijiona nikiwa mwembamba, nina nywele, natabasamu kama mtu asiyejua bei ya gesi. Sauti, hata hivyo, ilikuwa mvumo mtupu, kama mvua inayonyesha juu ya bati.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba yangu imejaa mafundi. Mama mkwe alisema panya wamekula sehemu ya sauti. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alishauri nipige TV kofi upande wa kulia. Nikapiga, na saa ya ukutani ikasimama. Mke wangu hakutoa ushauri wowote. Alikaa kwenye kochi amekunja mikono, akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda kesi na anayesubiri tu hakimu apate miwani yake.

Fundi wa mtaani alipokuja alicheka kabla hajavua viatu. Alinieleza kwamba deki ya Uingereza, ikitumia waya wa antena, hurusha sauti umbali wa megahezi 6 (kipimo cha masafa ya mawimbi) kutoka kwenye picha, ilhali TV yangu huisubiri kwenye megahezi 5.5. Kwa maneno mengine, hotuba yangu ya harusi ilikuwa ikipita nusu megahezi juu ya kichwa cha TV yangu, kama basi linalopita kituoni bila kusimama. Dawa yake, alisema, ni kuachana na antena na kutumia nyaya zile za rangi tatu, kisha niweke sauti ya deki kwenye Normal, yaani sauti ya kawaida, kwa kuwa mikanda ya harusi za zamani haina Hi-Fi, ile sauti ya ubora wa juu. Kwa maelezo hayo alichukua nauli ya kurudi, ingawa anaishi nyumba ya tatu.

Nyuma ya kichogo nilikuta vumbi, mayai mawili ya mjusi na matundu mawili tu, wakati nyaya zilikuwa tatu. Kwa kuwa giza lilikuwa nene, nilichomeka wa njano katika tundu jeupe, na TV ikakoroma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hiyo, nimekuja kuelewa, ndiyo sauti ya picha: ukiipeleka picha kwenye spika, hivyo ndivyo inavyosema. Nilibadilisha nyaya, na hatimaye watu wa harusini wakaanza kuzungumza, ila kwa sauti nzito na ya mbali, kana kwamba ukumbi mzima ulikuwa umefunikwa blanketi.

Sasa nilikuwa nimepandwa na mori. Nilichomoa umeme, nikafungua kifuniko cha deki kwa bisibisi, nikakitafuta kile kihedi kidogo kisichozunguka, kilicho upande wa kulia wa ngoma kubwa inayozunguka kusoma picha, ambacho ndicho kinachosoma sauti ya kawaida. Sauti hiyo huandikwa katika mstari wenye upana wa milimita moja tu, pembezoni kabisa mwa ukanda, na ukanda wenyewe hutambaa sentimita 2.34 kwa sekunde, yaani kama nusu ya mwendo wa kaseti ya redio. Pembezoni huko ndiko kuvu ya hewa yetu ya pwani ilikokuwa imeanza kuota, na unga wake wote ulikuwa umehamia kwenye kihedi. Nilikipangusa kwa kitambaa laini kilichotiwa spiriti, kikatoka weusi kama masizi ya sufuria. Kitambaa chenyewe, nilikuja kujulishwa, kilikuwa mtandio wa Mama Zuhura.

Niliwasha. Sauti ikatoka nzuri, kubwa, ya kueleweka, na ilikuwa taarabu! Yule mpiga video, kwa kupenda kupamba, alikuwa amefuta sauti ya ukumbi katika mstari ule na kumwaga nyimbo mwanzo hadi mwisho. Nilionekana nimesimama na kipaza sauti, mdomo unafunguka na kufumba, na kinachotoka ni fidla. Nilishangilia kwa kelele ambazo sikuwahi kupiga hata kwa mpira, nikamwambia mke wangu kwamba kesi imefutwa kwa kukosa ushahidi.

Zuhura, binti yangu niliyemsomesha kwa jasho langu, akauliza kitufe hiki cha Hi-Fi ni cha nini, akakibonyeza kabla sijajibu. Kumbe sauti ya Hi-Fi huandikwa na vihedi vinavyozunguka pamoja na ngoma, ikalala chini ya picha yenyewe, na hakuna mpiga video anayeweza kuifuta bila kuifuta harusi nzima. Fidla ilikatika. Ukumbi ukajaa vigelegele, kipaza sauti kikapiga mluzi, na kijana mwembamba mwenye nywele akasema, kwa sauti isiyo na chembe ya kutetereka, “Na kila Jumapili, mpaka naingia kaburini, jikoni ni mimi!”

Mama Zuhura alirudisha mkanda nyuma mara tatu. Kisha akainuka kimya kimya, akaenda jikoni, akarudi na mbuzi na nazi mbili.

Leo ni Jumapili. Nimekalia mbuzi, simu iko gotini, na herufi nyingine zinakataa kubonyezeka kwa sababu ya machicha.