Mama hajauona upande wa pili wa Duluti

Mama ameishi Tengeru tangu aolewe, mwaka 1974. Soko la Jumatano na Jumamosi ameliuzia ndizi miaka mingi kiasi kwamba wachuuzi wa leo wanamwamkia kama bibi yao. Kutoka sokoni ukivuka barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukishuka kidogo upande wa kusini, unalikuta Ziwa Duluti. Kwa bodaboda ni dakika chache tu. Hata hivyo, mpaka Desemba iliyopita mama hakuwa amewahi kulizunguka. Alipokuwa na nguvu, hakuwa na nafasi ya kutembea mahali pasipo na mzigo kichwani wala mtu wa kumlipa. Nafasi ilipopatikana, kiharusi kikawa kimeshamwachia mguu wa kushoto anaouburuta.

Desemba tulikuwa tumerudi nyumbani wote, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu. Mdogo wangu wa mwisho akasema, leo tumpeleke mama Duluti, azunguke ziwa na wajukuu. Mama akavaa kitenge cha kanisani. Tukapanda bajaji mbili hadi getini, tukalipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alikuwa kijana mwenye adabu, akamwambia mama, "Shikamoo bibi, tutakwenda taratibu, tusikimbizane."

Mwanzo wa njia hauna shida. Udongo umeshindiliwa na miguu, miti imefunga juu, na baada ya kelele za malori barabarani ule ukimya unakuingia mpaka mifupani. Mama alikuwa anasimama kila baada ya hatua kumi, akionyesha mti na kuutaja kwa Kimeru, na watoto wanarudia jina. Kisha tukafika mahali ambapo mzizi wa mkuyu umekatiza njia, umenyanyuka kufika katikati ya muundi, na upande wa pili wake mvua ya jana ilikuwa imeacha tope. Mama akatanguliza fimbo. Fimbo ikazama. Alipoivuta, kile kipira cha chini kikabaki matopeni, na mwanangu wa miaka saba akaingiza vidole kukitafuta, akakipata, akakifuta kwenye fulana yake na kukirudisha mahali pake kwa kukigonga na kiganja.

Mama alitazama ule mzizi. Akatazama tope. Akasema, "Nendeni wanangu. Mimi nitawasubiri pale kwenye benchi."

Dada yangu akarudi naye. Sisi wengine tukaendelea, na nasema kweli, sikuifurahia ile safari kama nilivyostahili kuifurahia. Tulimwona furukombe akiwa juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, akapiga ile kelele yake inayofanya ziwa zima lionekane ni mali yake. Tulimwona kenge amelala juu ya gogo lililoangukia majini, mrefu kuliko mwanangu. Halafu, tulipofika ng'ambo, miti ikafunguka mahali fulani na Mlima Meru ukajitokeza juu ya msitu, na maji yote ya ziwa yakiwa mbele yake. Mama anauona mlima huo kila asubuhi akifagia uwanja. Hajawahi kuuona ukiwa na maji miguuni. Nilipiga picha, nikajua hata kabla ya kuitazama kwamba picha haitamtosha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na jambo moja ninaloliamini na nataka kulisema bila kuzunguka: sehemu ya njia ya Duluti iwekewe sakafu ngumu, ili mtu wa fimbo, mtu wa kiti mwendo, mama mwenye kigari cha mtoto na mzee wa magoti waingie msituni na kutoka kwa miguu au magurudumu yao wenyewe. Sisemi njia nzima. Nasema kipande, hata nusu kilomita, kinachoanzia getini na kuzunguka kurudi getini, chenye mahali pawili watu wanaweza kuyafikia maji kwa macho bila tawi kuwaziba.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu marafiki zangu wa kupanda milima wameshanijibu. Wanasema msitu ni msitu, ukiuwekea pevingi umeugeuza bustani ya hoteli. Hoja hiyo naiheshimu. Duluti ni ndogo. Ziwa lenyewe lina hekta kama 60 tu, na msitu unaolizunguka ni mkanda mwembamba, umebanwa na mashamba, nyumba na taasisi kila upande. Ukikosea hapo, hakuna msitu wa akiba.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo wengi hawalifikirii. Duluti ni ziwa la kreta, limekaa ndani ya shimo la volkano. Hakuna mto unaoingia wala mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake yanategemea mvua na yanayopita chini ya udongo. Maana yake, chochote kinachoteremshwa na mvua kwenye kingo zake kinaishia humo humo: mafuta, saruji, mbolea, mfuko wa karanga. Mto hujisafisha kwa kuondoka na uchafu wake, Duluti haina pa kuupeleka. Ndiyo maana lami nimeikataa kabla sijaulizwa. Ndiyo maana pia zege la kumwaga, lile linalogeuza mvua yote kuwa mfereji, silitaki kando ya maji yale.

Mfano mmoja ninao, wa mbali, lakini umenifundisha. Katika jiji la Seattle, Marekani, kuna ziwa linaloitwa Green Lake, limezungukwa na njia iliyosakafiwa ya kama kilomita 4.5. Watu wa kila aina wanaitumia kila siku, wakimbiaji, wazee, watu wa viti mwendo, watoto wa baiskeli. Hicho ndicho ninachokitamani. Lakini ili kupata ardhi ya bustani, mwaka 1911 kina cha ziwa lile kilishushwa kwa takribani mita 2, na vijito vilivyokuwa vikililisha vikakatwa. Tangu hapo limekuwa likisumbuliwa na mwani unaoota kupita kiasi, na limebidi kutibiwa kwa dawa zaidi ya mara moja. Walipata njia nzuri, ziwa likaugua. Sisi hatuna sababu ya kurudia. Tunaweza kuchukua njia na kuliacha ziwa kama lilivyo, mradi tusiguse ukingo wa maji.

Kwa hiyo sakafu gani? Nimeuliza mafundi wawili wanaofahamu kazi hiyo, na nimetembea ile njia mara tatu zaidi nikiwa na futi kamba. Sehemu tambarare zinafaa vitofali vya pevingi vilivyolazwa juu ya mchanga na changarawe, bila saruji kati yake, ili maji ya mvua yapenye kwenda chini badala ya kukimbilia ziwani. Kikititia kimoja unakinyanyua, unaongeza mchanga, unakirudisha. Penye mizizi, usichimbe. Mizizi midogo inayolisha mti iko juu juu, na ukiikata kwa jembe ili kusawazisha njia unaua mkuyu taratibu, unaanza kukauka matawi ya juu miaka miwili baadaye na hakuna anayekumbuka ni kwa nini. Hapo panatakiwa daraja la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, linalopita juu ya mizizi kama mtu anayevuka bila kukanyaga mkeka wa mwenzake.

Upana wa mita 1.5 unatosha kiti mwendo kugeuka. Mteremko usizidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda. Kwa anayesukuma kiti kwa mikono yake mwenyewe tofauti kati ya hapo na mteremko mkali ni tofauti ya kufika na kutofika. Pembeni kuwe na kizingiti kidogo ambacho fimbo nyeupe inaweza kukigusa, ili asiyeona ajue mwisho wa njia uko wapi.

Nataja fimbo nyeupe kwa sababu ya Patandi. Ukitaka kujua kwa nini njia hii ijengwe Duluti kabla ya mahali pengine popote mkoani, nenda Patandi, hapo hapo Tengeru. Pana chuo kinachofundisha walimu wa elimu maalumu wa nchi hii: walimu wa watoto wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa viungo na wa akili. Wanachuo wenyewe, baadhi yao, ni watu wenye ulemavu. Hawa ni majirani wa ziwa kama mama yangu alivyo jirani wa ziwa. Nimewaza darasa la watoto wasioona likipelekwa Duluti siku moja, wasimame juu ya daraja la mbao, wamsikie furukombe, wanuse yale majani yaliyooza majini, waguse gome la mkuyu ambalo mtu mzima hawezi kulikumbatia. Kila ninapowaza hilo nakasirika kidogo kwamba halijafanyika, na sina aibu kusema nakasirika.

Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mara nyingi tunazisoma kana kwamba zinahusu ngazi za ofisi na milango ya hospitali tu. Kwa nini mtu awe na haki ya kufika dirishani kulipa kodi lakini asiwe na haki ya kufika kwenye kivuli?

Kwa upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Sitaki ikiukwe hata kwa ajili ya mama yangu. Njia ninayoisema ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kama mradi wowote, na ikionekana kipande fulani kitaumiza msitu, kihamishwe.

Lakini wanaosema "tuuache msitu kama ulivyo" waitazame njia ilivyo sasa. Wakati wa masika kila mtu anakwepa tope. Wa kwanza anapita pembeni, wa pili anapita pembeni ya pembeni, na baada ya msimu mmoja njia ya mita moja imekuwa ya mita tatu, miche yote imekanyagwa na udongo unaanza kuteremka ziwani. Nimepima mahali pamoja karibu na ule mzizi wa mama: mita 3.4. Miguu yetu sisi wenye nguvu ndiyo inayoula msitu, na tunaula kwa sababu hatujapewa mahali pagumu pa kukanyaga. Sakafu nyembamba inayokaa kavu ingewarudisha watu wote kwenye mstari mmoja.

Kuna na wageni wengine ninaowafikiria. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilipokea wakimbizi wa Kipoland, kiasi cha 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa makwao na vita. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa vizuri. Mtoto aliyefika hapa akiwa na miaka 5 leo amepita 80. Akija kutazama ziwa alilochezea pembeni yake utotoni, naye atakwama kwenye mzizi ule ule.

Ninaambiwa niende Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwamba kule mzee anaona ziwa akiwa ndani ya gari. Ni kweli, na ni pazuri sana. Ila kule unahitaji gari, na Duluti unaifikia kwa daladala na bodaboda. Isitoshe, mama hakuvaa kitenge cha kanisani ili aone ziwa kupitia kioo. Alikwenda kuzunguka.

Juzi nilimwonyesha mchoro niliouchora kwenye karatasi ya daftari: geti, vitofali, daraja la mbao juu ya mizizi, sehemu mbili za kutazamia maji, mabenchi manne. Aliushika mbali na macho kama anavyoshika Biblia, akaufuata kwa kidole kutoka getini mpaka mwisho, taratibu, kama anatembea. Akasimamisha kidole kwenye benchi la tatu.

"Haya mabenchi," akasema, "yana pa kuegemea? Lile la siku ile halikuwa na mgongo."

Nikachukua kalamu nikachora migongo.