Pesa Iliyokaa Eda

Anayetaka kuijua familia yake vizuri aweke pauni 10,224 benki, halafu aambiwe asiziguse.

Hesabu hiyo sikuitunga mimi. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilimtaka mwanafunzi wa nje anayekwenda kusoma kokote nje ya London aonyeshe pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, miezi 9, na pesa hizo ziwe zimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata senti. Wenzetu wa London waliambiwa 1,483 kwa mwezi, Mungu awape nguvu. Ada yangu ililipwa na wafadhili. Ya kujikimu ikamwangukia Baba.

Baba ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Alichukua kiinua mgongo chake, akaongezea pesa ya shamba lililouzwa Muheza, akaenda mwenyewe benki kuziweka kwenye akaunti yangu ya pauni: 10,224 kamili. Nilimwomba aongeze hata hamsini za tahadhari. Akavua miwani.

"Swali linasema ngapi?"

"Elfu kumi, mia mbili ishirini na nne, Baba."

"Basi jibu ndilo hilo. Ukizidisha, msahihishaji atajua hukuelewa swali."

Kwetu ni Ngamiani, Tanga. Siri ya Ngamiani haimalizi barabara mbili. Jioni ileile Shangazi, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yangu, alifika na kadi ya mchango iliyokwisha kujazwa jina langu, na mbele yake milioni moja.

"Shikamoo Shangazi. Zile si zangu za kutumia, ni za kuonyesha tu."

"Marahaba. Za kumwonyesha nani?"

"Serikali ya Uingereza."

"Haya. Na sisi ndugu zako tutaonyeshwa lini?"

Kesho yake akaja mjomba mwenye pikipiki iliyokufa injini. Akafuata jirani mwenye wazo la kufuga kuku wa mayai, kisha kijana niliyesoma naye darasa la nne, ambaye hakuwa na shida yoyote, alikuja tu kuniangalia. Na mimi wakati huo, wallahi, naomba nauli ya daladala kwa mama yangu.

Aliyeniokoa ni Bibi. Alikuwa barazani anapepeta mchele, akaniita: "Mume wangu, hebu nieleze. Hizo pesa hazitoki?"

"Hazitoki, Bibi."

"Kwa siku maalumu?"

"Siku 28."

"Na zikitoka siku zinaanza upya?"

"Zinaanza upya."

Akaweka ungo chini. "Basi semeni! Pesa imekaa eda. Mimi nilikaa miezi minne na siku kumi, sikuona mtu akinipigia hodi na kadi ya mchango."

Tangu hapo akawa analinda mlango. Mwenye shida akitokea, Bibi anamkatiza kabla hajakaa: mwenye eda haposwi, rudi mwezi ujao. Hata Shangazi alirudishwa hivyo, naye ni binti yake wa kumzaa.

Katikati ya eda hiyo nilikwenda Dar es Salaam kupima kifua kikuu, maana Mtanzania anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita lazima awe na cheti hicho. Kipimo changu kilikuwa picha ya kifua tu, na cheti kinadumu miezi sita. Kosa lilikuwa la basi: jirani yangu wa kiti aliuliza naenda Dar kufanya nini, nikamjibu. Kufika Segera nilikuwa na viti viwili peke yangu.

Kisha mwezi ukaisha.

Ujumbe uliingia kwenye simu tukiwa tunakula futari ya magimbi. Benki imekata pauni 2, gharama za kuendesha akaunti. Sijameza, ukaingia wa pili: imekatwa senti kadhaa, gharama ya kunitumia ule ujumbe wa kwanza. Salio likawa chini ya elfu kumi, mia mbili ishirini na nne. Baba alichukua simu, akasoma, akatoa kwa kichwa, akatoa tena kwa karatasi. Asubuhi alikwenda benki na kalamu nyekundu mfukoni.

"Mzee, hayo ni makato ya kawaida," binti wa dirishani alimwambia.

"Kawaida hiyo iliandikwa wapi kwenye swali?"

Akaweka pauni 20 juu, akarudi nyumbani, na hakusema na mtu mpaka baada ya Isha.

Bibi naye akatoa hukumu: eda imevunjika, inaanza upya, na safari hii mlinzi awe mkali. Amesikia vijana wa siku hizi wanatuma mamilioni kwa kidole, tena usiku, wamelala. Akainyang'anya simu yangu, akaifungia ndani ya sanduku lake la mninga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikapewa kitochi cha mama, ambacho herufi zake zilikwisha kufutika.

Ningevumilia, ila chuo kikataka kunihoji kwa video. Vyuo vingi vya Uingereza hufanya hivyo kabla ya kukupa barua ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea, na bila namba ya barua hiyo huwezi hata kuanza maombi ya viza. Mahojiano ni saa nne asubuhi kwao, saa sita mchana kwetu. Bibi akakubali: siku hiyo sanduku litafunguliwa.

Siku hiyo alfajiri ikaja habari ya msiba Pongwe. Bibi akajitanda, yeye na Baba wakaondoka na gari la kwanza. Na kanga. Na ufunguo.

Nilipogundua ilikuwa imepita saa nne na nusu. Kwenda Pongwe na kurudi sitawahi, na kulivunja sanduku lile ni kutafuta laana. Nikaona heri nilibebe. Mama akaogopa litachubuka, akalifunika kanga mbili. Mimi na dereva wa bajaji tukalipakia nyuma, mimi nikalikumbatia, tukaondoka.

Sasa jitie mahali pa wale akina mama wa Pongwe. Marehemu hajazikwa. Inaingia bajaji taratibu, wanashuka vijana wawili, wanatoa sanduku la mbao limefunikwa kanga.

"Mwingineee!"

Kilio kilichopanda pale hakikuwa na mfano. Mzee mmoja akakimbilia kutupokea upande wa kichwani. Mwingine akanishika bega: "Jikaze mwanangu. Ni nani?" Nikajibu, "Ni simu," akazidi kunihurumia.

Bibi alijitokeza, akalijua sanduku lake, akafungua pindo. Saa sita kasoro dakika chache nilikuwa chini ya mwembe, simu imeegemezwa kwenye sufuria ya pilau, nyuma yangu kanga tupu. Mwanamume wa chuo akatokea na shati lililopigwa pasi. Akaniuliza kwa nini nimechagua kozi ile, nikajibu. Akauliza masomo gani nitachukua, nikataja. Kisha akasita, akauliza kama nipo salama.

Nikamwambia tuna msiba. Akatoa pole nyingi, akasema tunaweza kupanga siku nyingine. Nikakataa katakata, maana siku nyingine simu itakuwa wapi? Basi akaendelea: pesa zako za kujikimu zimekaa benki muda gani?

"Anasemaje huyo?" Bibi akaingiza uso kwenye picha.

"Anauliza zile pesa."

"Mwambie asiwe na haraka. Eda bado."

Nikamweleza kwamba zinatimiza siku 28 hivi karibuni, na huyu ni bibi yangu, ndiye anayezilinda. Akaandika kitu. Alichoandika sikijui, ila barua ya CAS ilikuja.

Wakati wa kuagana akaniomba nizifikishie familia pole zake. Nikazifikisha kwa sauti, kwa adabu zote. Mzee mwenye daftari la ubani akasogea, kalamu sikioni.

"Pole tumezipokea. Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina. Akaliandika polepole, kwa namna yake.

"Ametoa shilingi ngapi?"

Watu wakageukia simu. Mwanamume wa chuo akauliza kama lile swali ni lake. Mimi nikamtazama Baba, Baba akatazama mwembe.

Bibi akafungua pindo la pili la kanga. "Andika elfu mbili, namtolea mimi. Za mume wangu zina eda."

Akaandikwa. Mstari unaomfuata ni wa Shangazi, elfu moja.