Mankell aliijua Uswidi akiwa Maputo

Kitabu bora alichoandika Henning Mankell, mtunzi wa riwaya Mswidi, kuhusu Afrika hakitokei Afrika. Kinatokea Skåne, kusini kabisa mwa Uswidi, kwenye baridi kali ya Januari. Mzee mkulima na mkewe wanavamiwa usiku nyumbani kwao. Mzee anauawa, bibi anafia hospitalini, na kabla ya kukata roho anatamka neno linaloashiria kwamba wauaji ni wageni. Neno hilo linavuja hadi kwa waandishi wa habari. Basi, yanayofuata ni moto kwenye kambi ya wakimbizi, na Msomali mmoja asiyehusika kwa lolote anapigwa risasi na kufa.

Hiyo ndiyo riwaya ya kwanza ya Inspekta Kurt Wallander, iliyotoka mwaka 1991. Wengi tumemjua Wallander kwenye runinga: polisi wa mji mdogo wa Ystad, aliyeachwa na mkewe, anakula ovyo, hapati usingizi. Tunasahau kwamba aliyemuumba alikuwa akiendesha jumba la maonyesho la Teatro Avenida mjini Maputo tangu 1986, Msumbiji ikiwa vitani. Aliporudi kwao mwishoni mwa miaka ya themanini alikuta chuki dhidi ya wageni imeota mizizi, akaamua kuiandikia. Alihitaji polisi, jina akalitafuta kwenye kitabu cha simu.

Nadhani asiyewahi kutoka Ystad asingeandika kitabu kile. Mankell alikuwa amekaa miaka akiwa yeye ndiye mgeni, mzungu anayepewa nafasi kwenye benchi na kuzungumzishwa. Ukishapokelewa hivyo, halafu ukaona kwenu wanavyowapokea wengine, huwezi kunyamaza.

Alipoileta Afrika yenyewe kwenye riwaya zake za upelelezi, mara nyingi aliyumba. Ile ya 1993 kuhusu njama ya kumuua Mandela ina kasi nzuri, lakini wahusika wake Waafrika wanabebeshwa mizimu na huzuni kupita kiasi. Ya 2005, inayohusu UKIMWI Msumbiji, ni hasira tupu. Hasira ya haki, sikatai, ila riwaya inageuka mkutano wa hadhara na msomaji anaachwa kwenye jua.

Lakini alipoacha kubuni akakaa kusikiliza, mambo yalikuwa mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikwenda Uganda kukutana na wazazi wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: sisi ni nani, ukoo wetu umetoka wapi, ulipokuwa mdogo ulipenda nini. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Ndani ya kimojawapo alikuta kipepeo wa buluu amebanwa katikati ya kurasa. Katika kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo, Mankell hamuelezi sana kipepeo yule, wala hatoi hotuba. Kwangu mimi ukurasa ule unazipita riwaya zote mbili, ya 1993 na ya 2005.

Alifariki Göteborg Oktoba 2015, akiwa na miaka 67, kwa saratani ambayo aliiandika waziwazi tangu alipogundulika nayo. Vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda Maputo. Watu hupenda kuyatenganisha haya, Wallander upande wa biashara na Avenida upande wa sadaka. Mimi naona ni kazi moja.

Kwa hiyo, kama kuna mchapishaji wa Dar au Nairobi anayefikiria kumleta Mankell kwa Kiswahili, asishawishike kuanza na vile vyenye Afrika jaladani eti ndivyo vitatugusa. Mateso yetu tunayajua na tuna waandishi wetu wa kuyasimulia. Aanze na Wallander wa 1991, tuone Mswidi anavyowachambua Waswidi wenzake bila kuwaonea aibu.