Find inasingiziwa, mchezo ni wa sheli

Machalii wa kompyuta hapa Arusha hawaelewani kwenye hili la kutafuta mafaili. Kuna wanaosema ofisi inayotumia Linux iandikiwe kaskripti ka sheli, yaani kafaili ka amri zinazosomwa na sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika, mtu anatupia nusu ya jina na nyota (*), alama inayosimama badala ya herufi zozote, majibu haya hapa. Wengine wanasema hayo ni mambo ya kizamani, kisanduku cha kutafuta si kipo pale juu kwenye folda, halafu hiyo find yenyewe, amri ya Linux ya kutafuta mafaili, haieleweki, leo inaona vocha kesho haizioni.

Hapo kwenye haieleweki ndo napakataa.

Chukua ofisi ya utalii kule Njiro, ina folda ya bukingi, ndani kuna folda za Machame, Marangu, Lemosho, zote zimejaa vocha za PDF. Umesimama folda ya juu unaandika find . -name *.pdf na kila kitu kinakuja freshi. Sasa mtu kadaunlodi bei.pdf kaiacha palepale juu. Unarudia amri ileile, unaletewa bei.pdf peke yake, vocha zote hazipo, na hakuna kosa lolote lililoandikwa kwenye skrini! Kumbe sheli ndo inaisoma nyota kwanza kabla find haijaanza kazi, imekuta hapo ulipo kuna faili moja linaloendana, ikaifuta nyota ikaweka bei.pdf, find nayo ikatafuta ilichoambiwa. Yangekuwepo mafaili mawili ingegoma na kulalamika, afadhali hata ungeshtuka. Likiwa moja, mtu wa mapokezi anamjibu mteja vocha yako hatunayo, wakati imekaa zake Lemosho. Na sheli haijaharibika, toka Unix ya 1971 ndo utaratibu, enzi hizo kulikuwa na kaprogramu kanaitwa glob ka kufungua nyota ili kila amri isihangaike nayo kivyake.

Dawa yake ni nukuu tu, find . -name "*.pdf", basi. Lakini nani atakumbuka nukuu saa kumi na moja jioni foleni ikiwa mlangoni? Ndo maana mi naiona skripti ina maana, nukuu zinawekwa mara moja na anayezijua:

find "$HOME/bukingi" -type f -iname "*$1*"

Mtumiaji anaandika neno tupu, linaingia pale kwenye $1, nyota anawekewa. Hiyo -iname haijali herufi kubwa na ndogo, na ofisini utakuta VOCHA.PDF na vocha.pdf kila kona.

Wa kisanduku nao wana hoja, tusiwabeze. Mtu asiyewahi kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haanzi leo kwa sababu ya vocha moja. Halafu mtumiaji akijifanya mjuaji akaongeza nyota yake bila nukuu wakati anaiita skripti, mtego ni uleule, maana sheli inamwahi hata kabla skripti haijaanza. Akiandika maneno mawili bila nukuu, hiyo $1 inachukua la kwanza tu.

Kwa faili moja moja basi, kisanduku sawa. Ila kama kila mwisho wa mwezi mhasibu anataka nakala za vocha zote za Lemosho kwenye folda yake, kwenye skripti unaongeza -exec cp ya kunakili kila faili linalopatikana, unaikabidhi kwa cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, na mwezi ujao hakuna anayeguswa bega.